Kutafiti katika maktaba ya shule: kuanzia swali hadi orodha ya marejeo

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akipewa kazi ya Historia yenye kichwa "Vita vya Maji Maji", mara nyingi huenda maktaba na kumwuliza mkutubi, "Mna kitabu cha Maji Maji?" Atapewa kitabu cha kiada, atanakili kurasa mbili, na kazi itaishia hapo. Kitabu cha kiada hakina kosa. Kinachokosekana ni swali, na bila swali hata maktaba yenye vitabu elfu kumi haina la kukusaidia, kwa kuwa hujui unachokitafuta wala hutajua umeshakipata.

Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo moja ya Maji Maji, vita vya watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani, tangu mwanzo hadi mwisho. Tumeichagua kwa sababu vyanzo vyake ni vingi, baadhi viliandikwa kwa Kiswahili, na vinapingana waziwazi. Anayefanya kazi ya Biolojia, Jiografia au Fasihi atapita njia hiyohiyo. Atakachobadili ni rafu tu.

Geuza mada iwe swali

Mada ni pana, swali lina mipaka. Ipitishe mada yako kwenye maneno haya: nani, wapi, lini, kwa nini, kwa kiasi gani. Kutoka "Vita vya Maji Maji" unaweza kupata: Kwa nini vita vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905 na si kwingineko? Au: Kwa nini vitabu havikubaliani kuhusu idadi ya watu waliokufa?

Lipime swali lako pande mbili. Likijibiwa kwa sentensi moja ya kitabu cha kiada, ni dogo mno. "Kinjekitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa lini?" hujibiwa kwa tarehe tu, 4 Agosti 1905, na hapo huna insha. Upande wa pili, likihitaji kitabu kizima kulijibu, ni kubwa mno. "Ukoloni uliathirije Tanganyika?" ni swali la maprofesa. Kwa insha ya maneno 1,000 hadi 1,500, lenga swali linaloweza kujibiwa kwa vyanzo vitatu hadi vitano vizuri.

Kabla ya kuingia maktaba, andika kwenye karatasi maneno utakayoyatafuta. Hatua hii huchukua dakika kumi na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Andika tahajia zote za jina: Maji Maji, Majimaji, Maji-Maji. Kinjekitile huandikwa pia Kinjikitile na Kinjeketile, na kompyuta ya katalogi haijui kwamba ni mtu mmoja. Kisha ongeza maneno jirani: pamba, jumbe, akida, kodi, Umatumbi, Ngarambe, Kilwa, Ungoni, Götzen (gavana wa Kijerumani). Kwa kuwa vitabu vingi vya rejea katika shule zetu za sekondari ni vya Kiingereza, andika pia "cotton", "forced labour" na "German East Africa". Mwanafunzi anayetafuta "pamba" katika faharasa ya kitabu cha Kiingereza hatapata kitu, atarudisha kitabu rafuni akiamini hakina jambo lake, kumbe kurasa thelathini zilikuwa zinamsubiri.

Kusoma namba za rafu

Maktaba nyingi za shule na karibu zote za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa desimali wa Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Maarifa yamegawanywa katika makundi kumi: 000 ni mambo ya jumla, 100 falsafa, 200 dini, 300 sayansi ya jamii, 400 lugha, 500 sayansi, 600 teknolojia, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Huna haja ya kuyakariri yote. Shika machache unayoyatumia: 510 hisabati, 530 fizikia, 540 kemia, 570 biolojia, 630 kilimo. Lugha ya Kiswahili iko 496.392, na fasihi ya Kiswahili 896.392. Historia ya Tanzania ni 967.8, ya Kenya 967.62, ya Uganda 967.61.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Namba baada ya nukta si namba nzima. Mtu hutazama 967.62 na 967.8, akadhani 62 ni kubwa kuliko 8, akaenda kutafuta Kenya baada ya Tanzania. Soma tarakimu moja moja kutoka kushoto: 6 hutangulia 8, kwa hiyo 967.62 iko kushoto kwa 967.8. Namba zikilingana, angalia herufi zilizo chini yake kwenye lebo. Kwa kawaida ni herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi, nazo hupangwa kialfabeti.

Ukishakiona kitabu ulichokuja kukitafuta, usiondoke. Tazama vitabu vitano vya kushoto na vitano vya kulia kwake. Vimewekwa pamoja kwa sababu vinazungumzia jambo moja, na mara nyingi kilicho jirani ni bora kuliko ulichokifuata. Kumbuka pia kwamba mada moja hutawanyika. Historia ya Maji Maji iko 967.8, tamthilia iliyotungwa juu ya vita hivyo iko 896.392, ramani na jiografia ya Tanzania iko 916.78, na kitabu cha kilimo cha pamba kiko 633.51. Anayeuliza kwa nini watu walichukia kulimishwa pamba afungue hata hicho cha kilimo. Humo ataona kazi ya palizi na uchumaji inaangukia lini katika mwaka na inagongana vipi na kazi za mazao ya chakula.

Katalogi, iwe ya kadi au ya kompyuta, hutafutwa kwa njia tatu: jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, na somo. Majina ya waandishi wetu yana shida ya pekee. Mfumo ulitengenezwa kwa watu wenye jina la ukoo, na aliyeandika kadi alilazimika kukisia. Kwa Shaaban Robert jaribu R, ukikosa jaribu S. Kwa mwandishi mwenye "bin" au "binti" katika jina lake, jaribu herufi ya jina lake na ya jina la baba yake.

Kama maktaba ya shule yako haina katalogi, na nyingi hazina, omba kuona daftari la kuandikishia vitabu. Kila kitabu kilichoingia kimeandikwa humo kwa tarehe, kichwa, mwandishi na namba. Kulipitia kunachosha, lakini daftari litakuonyesha vitabu ambavyo havipo rafuni kwa sasa kwa sababu vimeazimwa, vimefungiwa ofisini kwa mwalimu wa somo, au viko kwenye kabati la vitabu vya rejea visivyotolewa nje.

Anza na cha jumla, lakini usikae huko

Saa ya kwanza ya utafiti ni ya kupata mwanga wa jumla: kamusi, ensaiklopidia, atlasi. Wikipedia nayo inaingia hapa, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Toka na mambo matatu tu kwenye karatasi: tarehe kuu, majina ya watu, majina ya mahali. Kisha shuka chini ya makala, penye marejeo. Orodha ile ya chini ndiyo faida kubwa kuliko makala yenyewe, kwa sababu inakutajia vitabu vya kwenda kuvitafuta. Usiiweke ensaiklopidia kuwa chanzo chako kikuu. Inafupisha kazi za wengine, na wewe unatakiwa kuzifikia kazi hizo.

Atlasi hupuuzwa na hilo ni kosa. Ukiitafuta milima ya Matumbi, kaskazini magharibi mwa Kilwa na kusini mwa mto Rufiji, kisha ukatafuta Songea, utaona mara moja ukubwa wa eneo vita vilivyosambaa, na swali jipya litazuka lenyewe: habari za dawa ya maji zilivukaje masafa hayo yote? Maswali mazuri huzaliwa hivyo, mtu akiwa na ramani mbele yake.

Kwa maneno ya Kiswahili usiyoyajua, tumia kamusi mbili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ilitoka 2015, kwa hiyo istilahi mpya usiyoiona katika ya kwanza huenda ikawa katika ya pili. Kwa anayesoma vitabu vya Kiingereza, weka mezani kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), lakini usikatishe kusoma kwa kila neno. Malizia aya, pigia mstari kwenye daftari maneno yaliyokuzuia kuelewa, kisha tafuta hayo tu.

Kukipekua kitabu kwa dakika kumi

Utafiti hauhitaji usome kila kitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fungua kwanza nyuma ya ukurasa wa kichwa, penye taarifa za hakimiliki. Tazama mwaka, na utofautishe toleo na chapa. Kitabu kilichopigwa chapa tena mwaka 2010 bila kusahihishwa, huku toleo lake likiwa la 1972, kina maarifa ya 1972. Kwa historia ya mwaka 1905 si tatizo kubwa. Kwa idadi ya watu, magonjwa au teknolojia, ni tatizo.

Pili, soma yaliyomo. Tatu, dibaji au utangulizi: humo mwandishi husema aliandika kwa nini na alitegemea nini. Nne, faharasa iliyo mwishoni, na hapa ile karatasi yako ya maneno inaanza kazi. Tafuta kila neno na uandike namba za kurasa. Neno likiwa na ukurasa mmoja mmoja uliotawanyika, limetajwa tu. Likiwa na kurasa zinazofuatana, kama 168–203, mwandishi ameliandikia sura. Anzia hapo. Ndani ya sura, soma aya ya kwanza na ya mwisho, kisha amua kama utaisoma yote.

Kitabu kisicho na faharasa wala marejeo kitumie kwa tahadhari. Mwandishi anaweza kuwa anasema kweli, ila hakupi njia ya kuhakikisha.

Vyanzo vinapopingana

Sehemu hii ndiyo moyo wa kazi. Wanafunzi wengi, wakikuta vitabu viwili havikubaliani, huingiwa na hofu na kuchagua kimoja kimyakimya. Kupingana ni zawadi kwa mtafiti, kwani panapopingana ndipo pa kuandikia.

Chukua idadi ya waliokufa katika Maji Maji. Baadhi ya vitabu vitakuambia 75,000. Vingine 250,000 hadi 300,000. Kwanza, usizijumlishe na kugawa kwa mbili ili upate "wastani". Namba itakayotoka haina mwenyewe, wala hakuna aliyewahi kuihesabu. Uliza badala yake kila namba ilitoka kwa nani. Namba ya 75,000 inatokana na taarifa za utawala wa Wajerumani. Namba kubwa ni makadirio ya mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyefanya utafiti wake Tanzania baada ya uhuru na kuhoji wazee wa maeneo yenyewe.

Kisha uliza kila mmoja alihesabu nini. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na mashamba na kuteketeza akiba ya chakula ili kuwashinda watu kwa njaa. Mtu aliyekufa kwa njaa miezi mingi baada ya risasi ya mwisho, je, yumo katika hesabu? Ukifika hapo, tofauti ya namba imeacha kuwa kero na imekuwa sehemu ya jibu lako. Katika insha utaandika namba zote mbili, kila moja na mwenyewe, kisha utaeleza kwa nini zinaachana.

Kwa kila chanzo, uliza: nani ameandika, lini, ameyajuaje, na alitaka nani asome. Tuvipitie vyanzo vinne vya Maji Maji kwa jicho hilo.

Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa akitawala koloni wakati wa vita, alichapa kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1909. Aliziona taarifa zote za serikali, kwa hiyo ni shahidi wa karibu sana. Lakini ni mtuhumiwa pia, kwani vita vilizuka chini ya sera zake, na alikuwa na kila sababu ya kujitetea. Tumia habari zake za tarehe na mienendo ya majeshi. Maelezo yake ya kwa nini watu waliasi yalinganishe na ya wengine kabla ya kuyakubali.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Kiswahili juu ya vita hivi, na uliochapwa tena mwaka 1957 ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi. Huyu aliishi katika eneo na zama zenyewe. Ila utenzi una kanuni zake za vina na mizani, na mtunzi ana upande na hadhira yake. Usome kwa kuangalia watu wa mwambao waliyaonaje mambo, kisha tarehe zihakikishe kwingine.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi wake vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Hizi ni sauti za watu ambao Wajerumani hawakuwauliza, na thamani yake haina mfano. Udhaifu wake ni muda: zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na nchi ilikuwa imepata uhuru na kuanza kuvisimulia vita hivi kama chanzo cha umoja wa taifa.

Cha nne ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Ni kazi kubwa ya fasihi na kila mwanafunzi wa Kiswahili aisome. Lakini kosa linalojirudia katika insha za Historia ni kunukuu maneno ya mhusika wa jukwaani kana kwamba ni maneno ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Mhusika ameumbwa na mtunzi. Maneno yale yanathibitisha mawazo ya mwandishi wa miaka ya 1960 juu ya imani, uongozi na mapambano. Ya mwaka 1905 hayathibitishi. Kama swali lako ni "Maji Maji vilikumbukwaje baada ya uhuru?", basi tamthilia hiyohiyo inageuka kuwa chanzo cha msingi, yaani ushahidi wa moja kwa moja. Chanzo huwa cha msingi au cha upili kulingana na swali unaloliuliza.

Mtandaoni bila kumaliza bando

Google si adui, ila inataka kuamrishwa. Weka fungu la maneno ndani ya alama za kunukuu, "vita vya maji maji", ili yatafutwe yakiwa yamefuatana. Ongeza alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka: ukitafuta Majimaji utaletewa timu ya mpira ya Songea, basi andika Majimaji -ligi -FC. Ukitaka tovuti moja tu, andika site: ikifuatwa na anwani bila nafasi, kwa mfano site:nbs.go.tz sensa. Ukitaka nyaraka zilizochapwa badala ya kurasa za porojo, ongeza filetype:pdf.

Takwimu zifuate nyumbani kwake. Tovuti nyingi bado zinaandika kwamba Tanzania ina watu milioni 44.9 bila kutaja mwaka. Hiyo ni sensa ya 2012, iliyohesabu watu 44,928,923. Sensa ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Mwanafunzi wa Jiografia anayechukua namba ya kwanza anayoikuta amekosea kwa watu karibu milioni 17. Kwa Tanzania nenda Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa Kenya nenda KNBS, ofisi ya takwimu ya huko, na andika mwaka wa takwimu kando ya namba siku zote.

Vitabu vya kiada vya Tanzania vinasomwa bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa historia ya bara zima, UNESCO wameweka bure juzuu nane za historia yao kuu ya Afrika. Juzuu la VII linahusu miaka 1880 hadi 1935, na Maji Maji vimo. Ni mafaili makubwa: pakua mara moja kwenye kompyuta ya shule, kisha gawaneni kwa flashi. Kwa makala za kitaalamu, Google Scholar huonyesha kilichoandikwa, na pale penye neno PDF upande wa kulia kuna uwezekano wa kukisoma bure. African Journals Online hukusanya majarida ya Afrika. JSTOR huruhusu aliyejisajili bure kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi bila kuzipakua. Makala ikikudai malipo, usilipe. Nakili kichwa chake chote, kitafute tena ndani ya alama za kunukuu, mara nyingi mwandishi ameiweka kwenye tovuti ya chuo chake.

Shule isiyo na intaneti ya kuaminika iweke Kiwix. Ni programu ya bure inayofungua Wikipedia nzima bila mtandao. Faili la Wikipedia ya Kiswahili ni dogo kiasi cha kuenea kwenye flashi. La Kiingereza lenye picha linataka diski ya ziada, lakini yapo matoleo yaliyopunguzwa. Mkutubi akilisasisha mara moja kwa mwaka inatosha kwa kazi nyingi.

Programu za akili unde (AI) zinazojibu maswali zinafaa kukupa maneno ya kutafutia na kukueleza aya ngumu ya Kiingereza. Usiziombe marejeo. Hutunga vichwa vya vitabu visivyokuwapo, zikaviwekea majina ya waandishi wa kweli na miaka inayoaminika. Kila kitabu zitakachokutajia kitafute kwenye katalogi ya maktaba kabla hujakiandika. Kisipoonekana popote, hakipo.

Kuandika unapoendelea kusoma

Kata karatasi ya A4 katikati, kisha kila nusu katikati tena. Utapata kadi nne za sentimita 10.5 kwa 14.8 hivi. Kadi moja, wazo moja. Juu kushoto andika jina la mwandishi na mwaka, juu kulia namba ya ukurasa, katikati wazo lenyewe. Daftari la kawaida lina shida hii: mawazo yanabaki katika mpangilio uliyoyasoma, huku insha ikiyataka katika mpangilio wa hoja. Kadi unazitandaza mezani na kuzihamisha mpaka hoja ikae sawa.

Weka alama za kunukuu papo hapo kwa kila sentensi uliyoitoa kama ilivyo. Wizi mwingi wa maandishi shuleni haukusudiwi. Mtu alinakili bila alama, na wiki mbili baadaye hajui lipi ni lake na lipi la mwandishi. Kutafsiri sentensi ya Kiingereza kwa Kiswahili hakuifanyi iwe yako, mwenyewe bado atajwe.

Ukipiga picha kurasa kwa simu, piga kwanza ukurasa wa kichwa na wa hakimiliki, ndipo upige kurasa unazozitaka, ukihakikisha namba ya ukurasa inaonekana. Picha ya ukurasa usiojulikana ni wa kitabu gani haina matumizi.

Orodha ya marejeo basi itakuwa imejiandika. Mtindo wa kawaida ni: jina la mwandishi, mwaka kwenye mabano, kichwa kwa italiki au kupigiwa mstari, mji, mchapishaji. Mfano: BAKITA (2015). Kamusi Kuu ya Kiswahili. Nairobi: Longhorn. Kwa tovuti ongeza anwani kamili na tarehe uliyoisoma, maana kurasa hubadilika. "Google" haiandikwi kuwa chanzo, imekuelekeza tu. Walimu hutofautiana juu ya nukta na mkato. Muulize wako anataka mtindo gani, kisha usiubadili katikati.

Vitabu vya kusoma kando ya kazi

Anayesoma kazi za shule tu huchoka mapema, na Kiingereza cha vitabu vya rejea humshinda. Chagua kitabu cha hadithi na ukisome robo saa kila siku. Njia iliyo nzuri kwa kidato cha kwanza na cha pili ni kusoma kitabu kimoja kwa lugha mbili: Things Fall Apart ya Chinua Achebe imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Soma sura ya Kiswahili kwanza, kisha ileile ya Kiingereza. Utashangaa kuona kamusi inabaki imefungwa.

Kwa Kiswahili chenyewe anza na Shaaban Robert. Kusadikika ni fupi na lugha yake ni safi, na wasifu wa Siti binti Saad aliouandika utakuonyesha jinsi maisha ya mtu yanavyoweza kusimuliwa kwa heshima bila kufichwa. Kwa vidato vya juu, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na ambayo iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na How Europe Underdeveloped Africa ya Walter Rodney, ya mwaka 1972, aliyoiandika akifundisha Dar es Salaam. Hiki cha Rodney kisome na kalamu mkononi. Kina hoja kali, na mwanafunzi mzuri atatafuta ni wapi ushahidi unaibeba hoja na wapi hoja imeutangulia ushahidi.

Maktaba ya shule inapoishia

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba mikoani, na Maktaba Kuu ya Taifa iko Dar es Salaam, barabara ya Bibi Titi Mohamed, tangu mwaka 1967. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko uitwao East Africana, ambao una maandishi juu ya kanda hii usiyoyapata kwingine. Nyaraka za Taifa za Tanzania zina kumbukumbu za utawala wa Wajerumani na Waingereza. Zanzibar na Nairobi nako kuna nyaraka za taifa. Songea kuna makumbusho ya Maji Maji.

Kokote uendako beba barua ya utambulisho ya mkuu wa shule yenye muhuri, kitambulisho, na swali lako likiwa limeandikwa kwa sentensi moja. Mtunza nyaraka akisikia "nataka habari za ukoloni" hana pa kuanzia. Akisoma "natafuta taarifa za kilimo cha pamba wilaya ya Kilwa, 1902 hadi 1905" ataelekea moja kwa moja kwenye faili. Piga simu kabla ya safari uulize saa za kazi na kama mwanafunzi wa sekondari anaruhusiwa. Mara nyingi kalamu ya wino hairuhusiwi chumba cha kusomea nyaraka, basi beba penseli.

Ukiamua kuwahoji wazee, mwalimu ajue na ikiwezekana uende na mtu anayefahamika kijijini. Ukishamwamkia Babu au Bibi na kukaribishwa, eleza kazi yako, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Uliza maswali yaliyo wazi: "Ulisikia nini kuhusu ile pamba?" na si "Ni kweli pamba ndiyo ilileta vita?" Swali la pili limeshabeba jibu lake. Kwa kila jambo uliza pia, "Hili ulilisikia kwa nani?" Liandike jibu hilo pamoja na jina la msimuliaji kama ameridhia kutajwa, umri, kijiji na tarehe. Bila mambo hayo manne, masimulizi hayawezi kuingia katika marejeo.

Na kila kitabu ulichokitafuta ukakikosa, kiandike kwenye karatasi moja kwa kichwa na mwandishi, umkabidhi mkutubi kabla muhula haujaisha, maana bajeti ya vitabu hupangwa kwa maombi yaliyo mezani kwake.